Kulegeza Viungio vya Maji Vilivyogoma Bafuni: Mwongozo kwa Mtumiaji

Matengenezo mengi ya bafuni huanza na jambo dogo. Koki inadondosha maji usiku kucha, kichwa cha bomba la mvua kimeziba, au mpira unaopeleka maji kwenye tangi la choo umeanza kupasuka. Mwenye nyumba hununua kifaa kipya kwa bei asiyoijutia, akitarajia kwamba kazi itakwisha kabla ya chakula cha mchana. Kisha nati ya zamani hugoma. Huijaribu kwa mkono, kwa koleo, kwa spana, na hatimaye kwa hasira. Na katika jaribio hilo la mwisho ndipo hasara hutokea.

Mara nyingi hasara hiyo haiko kwenye nati yenyewe. Kinachokatika ni bomba lililofichwa nyuma ya marumaru, na kinachopata ufa ni beseni la kunawia. Kazi ya kubadili koki moja hugeuka kuwa kazi ya kubomoa ukuta, kuunganisha bomba jipya, kupiga lipu na kutafuta marumaru za rangi ambayo pengine haiuzwi tena. Wahenga walituonya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Bafuni, hata yule aliyekwenda kuuziba ufa anaweza kuishia kuujenga ukuta, iwapo ataiendea kazi kwa nguvu pekee.

Katika mwongozo huu tunaeleza kwa nini viungio vya maji, au fitingi kama zinavyoitwa madukani, hugoma. Namna ya kuvilegeza kwa utaratibu. Dalili zinazomtaka mtumiaji asimame. Na makubaliano anayopaswa kuyafanya na fundi kabla kazi haijaanza. Jambo moja tunaliweka mbele ya yote: kiungio kilichogoma kina sababu ya kugoma. Anayeijua sababu hutumia nguvu ndogo na muda mrefu, na asiyeijua hutumia nguvu kubwa kwa muda mfupi.

1. Kwa nini jambo hili linaugusa mfuko wako

Dira ya maji (mita) ndiyo mpaka. Kwa kawaida bomba linalofika kwenye dira huangaliwa na mamlaka ya maji, na mabomba yote yaliyo baada ya dira ni dhamana ya mteja. Maji yakishapita kwenye dira huhesabiwa na kulipiwa, yawe yameoga mtu au yamevujia ukutani.

Mvujo mdogo si mdogo kwa mwezi. Chukua chombo cha lita 1, kikinge chini ya koki inayodondosha, kisha tazama saa. Kikijaa kwa saa moja, basi lita 24 hupotea kila siku, na lita 720 kwa siku 30. Tangi la choo linalovujisha lita 1 kila baada ya dakika 2 hupoteza lita 720 kwa siku moja tu, yaani takribani uniti 21 na nusu kwa mwezi, kwa kuwa uniti moja ni lita 1,000. Ndiyo maana hatumshauri mtumiaji aache koki mbovu ilivyo kwa kuhofia nati iliyogoma. Tunamshauri aiendee kwa utaratibu.

2. Kwa nini viungio hugoma

Ziko sababu nne kuu, na kila moja ina dawa yake.

Kutu. Mabomba ya zamani ya chuma yalipakwa zinki ili yasishike kutu. Fundi anapokata hesi, yaani yale meno ya mzunguko yanayoshikanisha kiungio, huondoa zinki mahali hapo na kuacha chuma wazi. Kutu huanzia hapo. Huchukua nafasi kubwa kuliko chuma iliyokila, hivyo hujaza mianya ya hesi na kuikaza nati kutoka ndani. Dalili yake ni rangi ya kahawia kuzunguka kiungio.

Chokaa. Maji ya visima katika maeneo mengi hubeba madini ya chokaa. Maji yanapovuja kidogo kidogo na kukauka, madini hayo hubaki na kugeuka utando mgumu mweupe au wa kijivu. Utando huo ndio huziba vichwa vya mabomba ya mvua na kugandisha nati za koki. Katika ukanda wa pwani, visima vingi hutoa pia maji yenye chumvi, na chumvi huharakisha kutu.

Metali mbili zisizopatana. Koki nyingi nzuri zimetengenezwa kwa brasi, ambayo ni mchanganyiko wa shaba na zinki. Brasi ikifungwa moja kwa moja kwenye bomba la chuma, na maji yakawa kati yao, chuma huliwa haraka zaidi mahali pa kuungana. Kiungio cha namna hiyo hugoma kwa nje huku bomba likiwa jembamba kwa ndani. Hiki ndicho cha kuogopwa kuliko vyote, kwa sababu uimara wake ni wa macho tu.

Gundi na kukazwa kupita kiasi. Wapo mafundi waliofunga viungio kwa nyuzi za katani na rangi, ambazo hukauka na kuwa ngumu. Wapo pia waliokaza nati kwa spana ndefu wakidhani kwamba kukaza zaidi ndiko kuzuia mvujo. Hapa hakuna kutu wala chokaa. Kiungio ni kisafi lakini hakisogei.

3. Kabla ya kugusa spana

Funga maji kwenye chanzo chake halisi. Katika nyumba nyingi maji ya bafuni hayatoki kwenye dira moja kwa moja, bali hutoka kwenye tangi lililo juu ya mnara au darini. Mtumiaji akifunga koki ya karibu na dira pekee, maji ya tangi bado yako bombani, na kiungio kikikatika, tangi zima litamwagikia ndani ya nyumba. Funga koki ya kutokea kwenye tangi na ile inayofuata baada ya dira. Kisha fungua koki iliyo chini kuliko zote, mathalani ya uani, ili maji yaliyobaki bombani yaishe.

Hakikisha kwamba koki hizo za kufungia zinafanya kazi kabla hujaendelea. Koki ambayo haijazungushwa kwa miaka inaweza nayo kuwa imegoma. Usiilazimishe, tafuta nyingine iliyo nyuma yake kuelekea kwenye chanzo. Koki, lakiri na dira vya mamlaka ya maji visifunguliwe wala kuvunjwa. Ikiwa njia pekee ya kuzuia maji ni kuigusa dira, piga simu kwa mamlaka yako ya maji na uombe msaada.

Zima umeme wa hita. Bomba la mvua lenye hita ya umeme kichwani limeenea katika nyumba zetu. Kabla ya kulegeza chochote karibu nalo, zima umeme kwenye swichi kuu. Kuzima swichi ya bafuni pekee hakutoshi, kwa kuwa swichi iliyofungwa vibaya inaweza kuuacha waya ukiwa na umeme. Waya za hita hiyo zifunguliwe na fundi umeme.

Mwisho, piga picha ya kiungio kabla hujakigusa, ziba tundu la kutolea maji ya beseni ili washa na nati ndogo zisipotee, na tandika kitambaa kizito juu ya sakafu. Spana ikianguka, marumaru ndiyo huumia.

4. Kanuni ya spana mbili

Kama msomaji atakumbuka jambo moja tu katika mwongozo huu, liwe hili: mkono mmoja huzungusha, na mkono mwingine hushikilia. Spana ya kwanza huwekwa kwenye nati inayotakiwa kulegea. Spana ya pili huwekwa kwenye kipande kinachopaswa kubaki mahali pake, yaani bomba, elbo au koki ya pembe iliyotoka ukutani. Spana hii ya pili huvutwa upande ulio kinyume na ile ya kwanza, kwa nguvu inayolingana nayo. Hapo nguvu yote huishia kati ya spana mbili. Bila spana ya pili nguvu hiyo husafiri hadi kwenye kiungio kilicho dhaifu kuliko vyote, na mara nyingi hicho kiko ukutani.

Mwelekeo nao huwakosesha wengi. Nati za kawaida hulegea zikizungushwa kinyume na mwendo wa mishale ya saa, lakini mwendo huo hupimwa na mtu aliyeutazama upande ambao nati itatokea. Nati iliyo chini ya beseni hutokea kwa chini. Basi mtazamo ni wa mtu aliyelala chini akitazama juu. Anayeinama na kupitisha mkono bila kutazama huweza kuikaza nati kwa nusu saa akidhani anailegeza.

Kuhusu vifaa, spana inayorekebishwa upana, ambayo mafundi huiita spana malaya, inatosha kwa kazi nyingi. Ikazwe hadi iibane nati bila nafasi, vinginevyo itakula pembe za nati na kuiacha duara. Spana ya bomba, yaani paipu renchi, ina meno na hung'ata zaidi kadiri inavyovutwa. Inafaa kwa bomba la chuma, na haifai kwa koki iliyong'arishwa isipokuwa iwe imezungushiwa mpira au kitambaa kizito. Chini ya beseni, mahali pasipopitika, iko spana ndefu ya beseni yenye kichwa kinachopinda. Aliye na kazi moja tu ni afadhali aiazime kwa fundi.

5. Hatua za kulegeza, kuanzia iliyo laini

Tunashauri hatua hizi zifuatwe kwa mpangilio wake, bila kuruka. Kila moja ipewe muda wake kabla ya kuhamia inayofuata.

Hatua ya kwanza: safisha. Kwangua rangi, saruji na utando kwa brashi ya waya, hasa mahali nati inapokutana na hesi. Viungio vingine havijagoma; vimezibwa na rangi ya ukutani tu.

Hatua ya pili: kaza kidogo kwanza. Jambo hili huonekana kinyume, lakini msogeo mdogo wa kukaza unaweza kuuvunja utando wa kutu bila kuhatarisha bomba. Usikaze zaidi ya kuisikia nati ikitikisika. Kisha rudisha upande wa kulegeza, kwa misukumo mifupi inayojirudia badala ya msukumo mmoja mrefu.

Hatua ya tatu: tibu sababu. Kama ni chokaa, loweka kitambaa katika siki, kizungushe kwenye kiungio, kifunge kwa mfuko wa plastiki na ukiache kwa saa moja. Asidi ya siki huiyeyusha chokaa, na mapovu madogo yatakuonyesha kwamba inafanya kazi. Suuza vizuri, kwa kuwa siki ikikaa mno huharibu mng'aro wa koki, na isiguse kabisa sakafu ya mawe ya marumaru ya asili. Kama ni kutu, siki haitasaidia haraka. Tumia mafuta ya kupenyeza yanayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi na ya vipuri vya magari. Paka kwenye mstari wa hesi, gonga nati taratibu ili mafuta yaingie, acha usiku kucha, kisha rudia asubuhi. Mafuta hayo yasitumiwe mahali penye mabomba ya plastiki au washa za mpira zitakazoendelea kutumika. Baada ya kazi, acha maji yapite kwa dakika kadhaa kabla ya kuyatumia kwa kunywa au kupikia.

Hatua ya nne: joto la maji. Brasi hutanuka zaidi ya chuma inapopata joto. Nati ya brasi iliyo juu ya bomba la chuma inaweza kulegea kwa kufungwa kitambaa kilichochovywa katika maji yaliyochemka, kikabadilishwa mara tatu au nne. Vaa glavu nene. Hatua hii ni ya metali pekee, kwa kuwa plastiki ya PVC huanza kulainika karibu na nyuzi joto 80 za Selsiasi, chini kabisa ya joto la maji yanayochemka.

Hatua ya tano: mtikiso. Kwa nati ya metali iliyo kwenye bomba lililo wazi, shikilia kipande kizito cha chuma upande mmoja, na gonga upande wa pili kwa nyundo ndogo, ukizunguka pande zote. Lengo ni kuitikisa kutu. Nyundo haina nafasi karibu na beseni, sinki la choo wala elbo iliyo ukutani.

Hatua ya sita: kata kifaa cha zamani. Ikiwa kiungio hicho kitatupwa hata hivyo, hakuna sababu ya kukihurumia. Kata nati kwa msumeno wa chuma, kwa mshazari, ukisimama kabla hujazigusa hesi za kipande kinachobaki. Kisha ingiza bisibisi bapa kwenye mfuo huo na uipanue. Nati hupasuka na kutoka. Kanuni ya kutoa sadaka ni rahisi: mpira utangulie kabla ya nati, nati kabla ya koki, na koki kabla ya bomba la ukutani.

6. Mahali panapohitaji uangalifu wa pekee

Kiungio kinachotoka ukutani. Katika nyumba nyingi za miaka ya karibuni, mabomba yaliyo ndani ya kuta ni ya plastiki ya PPR. Mahali ambapo koki au bomba la mvua huingia pana elbo ya plastiki yenye kitovu cha brasi ndani yake. Kitovu hicho kimeshikwa na plastiki tu. Kikizungushwa kwa nguvu kubwa huweza kuanza kuzunguka ndani ya plastiki. Kuanzia hapo elbo hiyo haiwezi kuzuia maji tena, na dawa yake ni kubomoa. Ukiona kitovu kinazunguka pamoja na koki, simama papo hapo.

Kipande kilichobaki ukutani. Bomba la mvua lililozeeka huweza kukatika na kuacha kipande chenye hesi ndani ya elbo. Kipande hicho kinaweza kutolewa. Mafundi wana kifaa cha kung'ata kwa ndani na kuzungusha kinyume. Bila kifaa hicho, hukata mifuo miwili kwa jino la msumeno kutoka ndani ya kipande, wakaishia kabla ya hesi za elbo, kisha wakakikunja kuelekea katikati. Ni kazi ya mkono mtulivu, na asiyewahi kuifanya hatumshauri aanzie hapo.

Bolti za choo. Bolti za kifuniko na za tangi la choo hushika kutu kwa sababu ya unyevu wa siku zote. Sinki la choo ni la udongo uliochomwa, halipindi, hupasuka. Zisilazimishwe wala kugongwa. Bandika tepu nene juu ya sinki ili jino la msumeno lisilikwaruze, kisha kata bolti kati ya nati na sinki.

Nati za plastiki. Nati za bomba la kutolea maji machafu chini ya beseni zilikusudiwa kufungwa kwa mkono. Zikigoma, vaa glavu ya mpira au zungushia kipande cha mpira wa baiskeli ili mkono usiteleze. Spana huzipasua.

7. Mambo tunayoyakataza

Usirefushe spana kwa kuichomekea bomba. Spana ya sentimita 20 ikirefushwa kufikia sentimita 60, mkono ule ule hutoa nguvu ya kuzungusha mara tatu, na aliyeishika hatambui tena kiasi anachokitoa. Mara nyingi bomba hukatika kabla hajahisi ugumu.

Usitumie moto. Moto huyeyusha mabomba ya plastiki yaliyofichwa, huunguza washa, na ukikutana na mafuta ya taa au mafuta ya kupenyeza huweza kuiteketeza nyumba.

Usichanganye siki, au asidi yoyote ya kuzibulia, na dawa za usafi zenye klorini. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, yenye sumu kali kwa mapafu, na bafu ni chumba kidogo. Kama dawa ya klorini ilitumika mahali hapo, suuza kwa maji mengi na ufungue dirisha kabla ya kuleta siki.

8. Wakati wa kusimama na kumwita fundi

Tunamshauri mtumiaji asimame anapoona lolote kati ya haya: bomba la ukutani linasogea pamoja na nati, marumaru iliyo karibu inatoa ufa au sauti ya uwazi, kutu inabanduka kwa vipande vinene, pembe za nati zimeshakuwa duara, au maji hayakufungika yote. Kusimama mahali hapo hakuhesabiwi kushindwa. Kazi iliyosimamishwa ikiwa nzima ni rahisi kwa fundi kuliko kazi iliyovunjika.

Fundi naye aitwe kwa makubaliano. Mtafute aliyesomea kazi hiyo, mwenye cheti cha ufundi bomba cha VETA au anayejulikana kwa kazi zake katika mtaa wako. Kabla hajafungua mkoba wa vifaa, mkubaliane mambo manne, ikiwezekana kwa maandishi hata ya ujumbe wa simu:

– Bei ya kazi ikienda vizuri, na bei ikibidi kubomoa.
– Nani atagharimia ukarabati bomba la ukutani likikatika. Bomba lililokwisha kuliwa na kutu huweza kukatika hata mikononi mwa fundi hodari. Kwa hiyo haki ni kujadili kabla, wala si kulaumiana baadaye.
– Kwamba fundi atasimama na kukuita kabla ya kuongeza nguvu kwenye kiungio cha ukutani.
– Kwamba vipande vya zamani utarudishiwa. Vitakuonyesha tatizo lilikuwa nini, na utavihitaji dukani.

Mlipe sehemu ya mwisho ya fedha yake baada ya maji kufunguliwa na kiungio kukaa kikavu kwa muda mtakaokubaliana.

9. Kununua na kufunga upya

Nenda dukani ukiwa na kipande cha zamani. Vipimo vya viungio huwachanganya wengi, kwa sababu jina la kipimo si upana unaoonekana: hesi ya nje ya kiungio cha nusu inchi ina upana wa takribani milimita 21, na ya robo tatu ina takribani milimita 26. Anayepima kwa rula huondoka na kifaa kisichoingia.

Chagua kifaa chenye alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), na udai risiti ya kielektroniki. Koki ya brasi huwa nzito mkononi. Sumaku ikiishika, ujue ndani mna chuma kilichopakwa rangi. Hata hivyo, sumaku isiposhika haithibitishi kwamba ni brasi, kwa kuwa haishiki zinki pia. Basi uzito, alama na risiti viangaliwe pamoja. Ukiuziwa kifaa kibovu, anza kwa muuzaji ukiwa na risiti na kifaa chenyewe. Suala la ubora likishindikana hufikishwa TBS, na la bidhaa bandia hufikishwa Tume ya Ushindani (FCC). Ukiwa na mgogoro wa ankara ya maji na mamlaka yako, nayo isikutatulie baada ya kuiandikia, unaweza kulifikisha suala hilo kwa Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA).

Wakati wa kufunga, mfikirie atakayekuja kufungua. Safisha hesi zote. Zungusha tepu nyeupe ya kuzibia maji kwa kufuata mwelekeo wa kukaza, mizunguko michache iliyonyooka. Tepu ikizidi huipasua elbo. Mipira ya kuunganishia yenye washa ndani haihitaji tepu, kwani washa ndiyo inayozuia maji. Kaza kwa mkono hadi mwisho, kisha kwa spana kidogo, fungua maji polepole na utazame. Kikivuja, ongeza robo mzunguko. Usianze kwa kukaza kupita kiasi.

Mwisho, soma dira. Funga koki zote za nyumba, andika tarakimu zake, subiri saa moja bila mtu kutumia maji, kisha soma tena. Tarakimu zikiwa zile zile, kazi imekwisha. Zikisogea, maji yanatoka mahali usipopaona, na ni afadhali upatafute leo kuliko kupagundua katika ankara ya mwezi ujao. Kuanzia hapo, zungusha koki zote za kufungia mara moja kila baada ya miezi sita, mbele na nyuma. Koki inayozungushwa haipati nafasi ya kugoma.